Praima Ipi Ununue kwa Bampa na Grili za Kromu, Malindi

Ukitaka kupaka rangi bampa, grili au vifuniko vya vioo vya kromu, usianze kwa kuchagua rangi. Pesa iende kwanza kwenye praima, yaani rangi ya chini, na msasa. Kromu ni ngumu na laini kupita kiasi, rangi haina pa kushika. Malindi ikibanduka kidogo tu, unyevu wenye chumvi hupenya na kutu hutambaa chini kwa chini.

Nambari moja ni epoksi ya makopo mawili, hasa kwa bampa la chuma. Hushika vizuri kromu iliyopigwa msasa, na huzuia maji kuliko praima nyingi. Pima hadina, yaani kigandishi cha kopo la pili, kama kopo linavyoelekeza: ikipungua, rangi hubaki laini. Joto la pwani huiwahisha kuganda, basi changanya ya raundi moja tu. Asiye na kompresa atafute kopo la kupuliza lenye hadina ndani. Ukishaifungua hadina hiyo, litumie kopo siku hiyo hiyo.

Nambari mbili, praima ya asidi. Huuma chuma na alumini vizuri, lakini kromu nzima huiuma kidogo, kwa hiyo msasa ndio unaobeba kazi. Inatosha vipande vidogo. Usipake epoksi juu yake isipokuwa kopo linaruhusu, kwani asidi inaweza kuizuia isikauke sawasawa.

Nambari tatu, rangi ya mpira ya kubandua, kwa anayetaka kuirudia kromu yake baadaye. Haihitaji msasa. Piga mikono mitano minene, la sivyo itakatikakatika siku ya kuibandua. Petroli huiyeyusha, iweke mbali na mdomo wa tangi.

Rangi ya kopo ikipakwa moja kwa moja juu ya kromu, bila praima, hatuiweki kwenye orodha kabisa. Hubanduka kama ganda.

Kabla ya kununua, jaribu kwa sumaku. Isiposhika, huenda ni plastiki, na grili nyingi ndivyo zilivyo. Thina kali huiharibu plastiki. Ifute kwa spiriti, na msasa ukifika kwenye plastiki yenyewe, ongeza praima ya plastiki.

Maandalizi ndiyo yanayoamua. Osha kwa maji baridi ya bomba na sabuni ya vyombo, ondoa nta na grisi, kisha piga msasa wa maji nambari 320 mpaka mng'ao wote ufe; pembe za grili zisugue kwa sponji ngumu. Penye kromu iliyoinuka, kwangua hadi ukingo ulioshika imara, uusawazishe mpaka ukucha usikwame. Kutu iondoke yote. Vaa barakoa: chini ya kromu mna nikeli, na vumbi lake si la kuvuta. Mimina maji: yakitandaa ni safi, yakijikusanya matone bado kuna mafuta.

Usilaze chuma kilichopigwa msasa hadi kesho. Chumvi ya usiku itakishika. Piga praima siku hiyo hiyo, asubuhi umande ukishakauka na upepo wa kusi haujaanza kupeperusha mchanga. Mikono miwili myepesi, ukipuliza kutoka umbali wa sentimita 20 hadi 25, dakika 15 kati yake. Halafu rangi mikono mitatu na klia, yaani rangi angavu ya juu, miwili. Klia yenye hadina ina isosiyanati, kemikali inayodhuru mapafu, barakoa ya vumbi haitoshi. Mpe fundi mwenye kinga inayofaa.

Ikikauka kabisa, chora mistari ya kukatizana kwa wembe sehemu isiyoonekana, bandika tepu, ivute ghafla. Kipande kikitoka na tepu, kwangua na uanze upya kabla hujafunga bampa garini.