Witley Court, Uingereza: kiingilio cha kuona jumba lisilo na paa

Kabla sijasafiri kwenda Uingereza mwaka jana, fundi mkuu ninayeshirikiana naye kwenye nyumba moja huko Iyumbu aliniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, jumba lenyewe limeungua, paa halina, sasa kiingilio unalipia nini?" Tathmini hii naiandika kwanza kwa ajili yake, kisha kwa wakazi wengine wa Dodoma watakaofika huko kwa masomo au kusalimia ndugu, hasa wale ambao wana kiwanja na wanajenga.

Witley Court liko mashambani, Worcestershire, chini ya uangalizi wa English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale. Hakuna stesheni ya treni jirani, hivyo nilishuka mjini Worcester na kuchukua teksi.

Nyumba ya zamani ya mahali hapo ilikuwa ya matofali mekundu, na Thomas Foley, tajiri wa viwanda vya chuma, aliinunua mwaka 1655. Mwanzoni mwa karne ya 19 mbunifu John Nash akaiongezea baraza mbili za nguzo ndefu, moja kaskazini na moja kusini. Katika miaka ya 1850 Samuel Daukes, kwa fedha za ukoo wa Ward uliotajirikia makaa ya mawe na chuma, aliyavika matofali hayo jiwe la Bath, yaani jiwe la chokaa la rangi ya krimu, ili jumba lifanane na yale ya Italia. Usiku wa tarehe 7 Septemba 1937 likashika moto, na baada ya kuuzwa likabanduliwa karibu kila kitu kilichokuwa na thamani.

Kubanduliwa huko ndiko kunakokipa kiingilio thamani yake. Jumba lililo zima humwonyesha mgeni mapazia, picha na rangi, lakini hili fundi analisoma kama ramani. Pale jiwe lilipodondoka, tofali jekundu linaonekana nyuma yake, na hapo unatambua kwamba fahari yote ya nje ni ngozi tu. Ukiinua macho unakuta mahali pa kuotea moto pamebaki katikati ya ukuta, juu kabisa, bila sakafu ya mtu kusimama. Usawa wa sakafu hizo bado unasomeka ukutani, kwa safu za matundu ambamo vichwa vya boriti vilikalia, na dohani unaweza kuifuata kwa macho ikipanda ndani ya unene wa ukuta. Mambo haya huwa nayachora ubaoni mwaka hadi mwaka, na wanafunzi huyakubali kwa sababu mwalimu kasema. Pale yapo wazi, kwa ukubwa wake halisi. Katika chumba kimoja nilisimama karibu nusu saa, na sikuona muda umepotea.

Baraza la kusini la Nash linastahili muda zaidi. Siku hizi nyumba nyingi mpya za Dodoma zinawekwa nguzo za mviringo mbele ya mlango, nyingine nyembamba mno kwa mzigo zinaoonekana kuubeba, nyingine zimegandamana na ukuta kiasi kwamba hata kiti hakipiti nyuma yake. Nguzo za Nash zinatisha kwa ukubwa, lakini zimesimama mbali na ukuta, na kati yake pana nafasi ya watu kutembea kivulini. Kivuli hicho tunakihitaji sisi wa jua la Dodoma kuliko Waingereza.

Nilimkumbuka marehemu babu na tembe lake huko Chamwino. Paa la udongo lilipooza, mvua za misimu michache zililirudisha lote ardhini, na leo pamebaki tuta tu lenye majani. Witley limekaa bila paa kwa zaidi ya miaka 80 na kuta zimesimama. Tofali la kuchoma limesaidia, lakini asiyejua asidhani kwamba ukuta ulio wazi kwa mvua hujitunza wenyewe. Serikali ililichukua jumba hilo chini ya ulinzi wake mwaka 1972, na kazi ya kuziimarisha kuta imefanywa na mafundi.

Usiondoke bila kuingia katika kanisa lililo ubavuni mwa jumba, ambalo moto haukulifikia. Michoro ya dari ya Antonio Bellucci na vioo vya rangi vya Joshua Price vilitoka katika kanisa la jumba la Cannons, karibu na London, lililouzwa kwa mnada mwaka 1747. Mapambo ya dhahabu yanayoizunguka michoro hiyo ni karatasi iliyopondwa na kufinyangwa kwa kuiga plasta ya Cannons. Jumba la tofali na jiwe limeungua, na dari ya karatasi iliyo hatua chache kutoka hapo bado inang'aa.

Chemchemi ya Perseus na Andromeda, wahusika wa hadithi za kale za Wagiriki, imekarabatiwa na hurusha maji kwa saa maalumu, kwa hiyo ulizia ratiba mapema.

Niliporudi nilimwonyesha fundi picha za matundu ya boriti na za baraza la kusini. Alizikuza kwenye simu moja baada ya nyingine bila kusema neno. Wiki iliyofuata tulikaa na mwenye nyumba, na kibaraza cha mbele kikaongezwa kina kwenye ramani kabla nguzo hazijamwagwa zege.