Kukanda bega au kutembea baada ya kutolewa kifuko cha nyongo?

Mama mdogo alirudi Ujiji na matundu madogo tumboni, lakini alilalamikia bega la kulia. Ni gesi ya kabonidayoksaidi inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji. Inayobaki huusumbua msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, maumivu yakasikika begani.

Kumkanda kwa kitambaa chenye joto la wastani kulimtuliza upesi, hasa usiku. Kikipoa, maumivu yanarudi. Vidonda tusiviloweshe.

Kutembea polepole uani, dakika chache mara kwa mara, ndiko ninakokuamini zaidi, japo nafuu yake huchelewa: matumbo huamka, na hatari ya damu kuganda miguuni hupungua. Akikohoa, akumbatie mto tumboni. Homa au macho ya manjano, hospitali mara moja.