Mafuta ya injini ya sintetiki: esansi (petroli) itapungua kweli?

Jamboni ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani niko na bidoni mbili za mafuta ya injini. Hii ya kulia ni 5W-30, sintetiki kamili, yaani mafuta yaliyoundwa kiwandani kwa kemia, lita 4. Ya kushoto ni 20W-50 ya kawaida, ile ambayo ukifika garaji nyingi hapa Lubumbashi bila kusema unataka nini, ndiyo wanakumiminia. Na swali mnaloniuliza kila wiki ni hili: "Yaya, nikiweka sintetiki, esansi itapungua?" Muuzaji anaapa kwamba itapungua, tena sana. Mimi nawaambia itapungua kidogo, na kinachoipunguza si sintetiki. Ni hizi namba.

Ngoja nisogeze karibu na kamera. Namba ya mbele, yenye W, inaonyesha mafuta yanavyotiririka kukiwa na baridi. Namba ya nyuma ni uzito wake yakishapata moto, nyuzi 100. Namba ikipanda, mafuta ni mazito. Na mafuta mazito yanaitesa injini: pampu inayasukuma kwa shida, pistoni zinapita kwa shida, na shida hiyo yote inalipwa na esansi yako.

Vichupa hivi viwili, kimoja cha 5W-30 na kimoja cha 20W-50, vimelala nje usiku kucha. Tuko mwezi wa saba, mji wetu uko mita kama 1,200 juu ya bahari, na wanaoamka mapema wanaijua baridi yake. Sasa navipindua kwa pamoja. Tazameni kiputo cha hewa: kwenye 5W-30 kimeshafika juu. Huku kwenye 20W-50 bado kinajikokota… bado… haya, ndiyo kinafika sasa. Fikiria pampu ya injini inavyohangaika na kitu hiki saa kumi na mbili asubuhi.

Najua wengine mmeshaanza kuandika kwenye maoni: "Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, aina na namba!" Kweli kabisa, na muuzaji naye anakufanyia hivyo hivyo. Anakutoa kwenye 20W-50 ya kawaida, anakupeleka kwenye 5W-30 ya sintetiki, halafu sifa yote anaipa sintetiki. Ziko sintetiki za 20W-50 pia. Nunua hiyo kwa bei yake ya juu, uimimine kwenye gari ndogo, uone kama pampu ya esansi itakusahau. Hata Mobil 1, mafuta ya sintetiki yenye jina kubwa, ilipoingia sokoni miaka ya 1970 wakati bei ya esansi imepanda dunia nzima, ilikuja ikiwa 5W-20. Ilikuwa sintetiki, sawa, lakini ilikuwa pia nyepesi kuliko yale watu waliyozoea.

Sasa tupige hesabu. Serikali ya Marekani inawaambia madereva wake kwamba kutumia namba aliyotaja mtengenezaji kunaokoa asilimia 1 mpaka 2 ya esansi. Mfano wanaoutoa ni wa injini ya 5W-30 iliyowekewa 10W-30. Sisi wa 20W-50 tumekwenda mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo tofauti inaweza kuzidi, lakini usitegemee muujiza. Gari inayokunywa lita 100 kwa mwezi, asilimia 2 ni lita 2. Tuseme unafanya vidanji, yaani kubadilisha mafuta ya injini, kila miezi mitatu, na bidoni ya sintetiki imezidi ile nyingine dola 20. Umeokoa lita 6. Lita 6 za esansi, kwa bei ya pampu, hazifiki dola 20. Basi mtu akikuambia bidoni itajilipa yenyewe, mwombe kalamu na karatasi mkae chini.

Anayefaidi zaidi ni yule wa safari fupi: anatoka Katuba, anafika mjini, anazima, anawasha tena. Injini yake haipati muda wa kupata moto vizuri. Mwenye kwenda Likasi, kilomita kama 120, injini yake iko moto karibu njia nzima, na huko W haimsaidii sana.

Mimi nina Toyota IST ya cc 1,500, injini ya 1NZ, na kitabu chake kinataja 5W-30. Inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo bidoni hii inatosha na kidogo kinabaki. Naiwekea sintetiki, na nitaendelea kuiwekea. Inavumilia joto, haivukizi haraka, haiachi tope jingi ndani, na asubuhi inafika juu ya injini upesi. Hayo ndiyo ninayolipia. Lakini kama mfuko umebana, 5W-30 ya kawaida ya kweli, inayobadilishwa kwa wakati, ni bora kuliko sintetiki ya mashaka. Ukishamaliza bidoni yako, itoboe kabla hujaitupa, isije ikajazwa kitu kingine ikarudi sokoni.

Ukiwa dukani, geuza bidoni utafute duara la API, taasisi ya mafuta ya Marekani. Katikati kuna namba ya uzito, juu kuna daraja la ubora, kama SN au SP. Chini, kama kumeandikwa Resource Conserving, ujue mafuta hayo yamepimwa pia kwa upande wa kuokoa esansi. Kwenye 20W-50 hutayakuta maneno hayo.

Injini iliyochoka ni habari nyingine. Inatoa moshi wa bluu, kila wiki unaongeza nusu lita? Usiirukishe kutoka 20W-50 mpaka 5W-30 kwa sababu umeniona mimi. Mafuta mepesi yatapenya zaidi na utayachoma zaidi. Mwone fundi kwanza, yule anayepima, si yule anayesikiliza kwa sikio tu.

Mkitaka kujipimia wenyewe, jazeni tangi kwenye pampu ile ile mpaka ikate yenyewe, andikeni kilomita, mwendeshe njia zenu za kila siku, mjaze tena pale pale. Na mwanzo hakikisheni upepo wa matairi, maana tairi legevu peke yake litawavurugia hesabu yote.

Wenye injini za mazutu (dizeli), hasa za turbo, msichukue namba za leo. Injini zenu zina madaraja yao, yanaanza na C, kama CI-4 au CK-4. Niandikieni aina ya injini na mwaka wake, nitawatengenezea video yenu.