Kibanda cha nguo za baridi Kongowea: tathmini ya mtu wa Pwani aliyekwenda kulala Mlima Kenya

Mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa huijua baridi ya kipupwe tu, ile ya Julai ambapo upepo wa kusi hutufanya tutafute shuka ya pili, ilhali usiku wenyewe kwa kawaida haupungui sana digrii 20. Kwa hiyo nilipokubali mwaliko wa kulala kwenye hema Mlima Kenya mwezi wa Januari, kwa njia ya Sirimon, usiku mmoja katika kambi ya Old Moses iliyo mita 3,300 na mwingine katika kambi ya Shipton iliyo mita 4,200, sikuwa na hata soksi nzito moja. Mlima ule uko jirani kabisa na ikweta na hauna majira ya baridi kama ya Ulaya. Baridi yake huja kila usiku, na mbingu zinapokuwa wazi maji yaliyoachwa nje huganda kabla ya alfajiri. Karibu vitu vyangu vyote nilivipata katika kibanda kimoja cha mitumba kwenye soko la Kongowea, na kibanda hicho ndicho ninachokitathmini hapa.

Hakina jina wala bango. Utakijua kwa makoti mazito yaliyotundikwa hadi kwenye mabati, katika mji ambao watu hutembea na leso ya kujipangusia jasho, na kwa mama wa makamo anayekaa juu ya belo ambalo bado halijafunguliwa. Nilimwamkia, nikamweleza safari yangu, naye kabla ya kunyanyua bidhaa yoyote akaniuliza, "Mwanangu, mtalala juu kiasi gani, na siku ngapi?" Wateja wake wengi ni wachuuzi wanaopeleka mali bara, Limuru na Nyahururu, na kwa sababu hiyo anaijua nguo ya baridi kuliko nilivyotarajia kwa mfanyabiashara wa Pwani.

Alinitolea mabegi mawili ya kulalia. La kwanza, la buluu, lilipendeza macho na bei yake ilikuwa shilingi 1,800. Alilikunjua mwenyewe, akaliinua kuelekea jua, akanionyesha jinsi manyoya ya bata yalivyojikusanya pembeni na kuacha kitambaa kitupu katikati. "Hapa ndipo baridi itakapokuingilia," alisema, akaliweka kando. La pili, la kijani, alilifinya ndani ya ngumi zake kisha akaliachilia, nalo likafura kama hamri kwenye mafuta. Lebo yake ilikuwa bado inasomeka, yenye kipimo cha Ulaya cha EN 13537: faraja, yaani baridi ambayo bado utalala ukiwa umestarehe, digrii 0; kikomo, yaani mwisho wa kustahimili, digrii 6 chini ya sifuri. Anayeanza na aifuate namba ya faraja, kwa sababu ile ya kikomo imekadiriwa kwa mwanamume aliyelala amejikunyata. Alitaka shilingi 3,500, tukakubaliana 3,000.

Nguo nyingine hazikuchukua muda. Nilichukua fulana mbili za sufu za kuvaa ndani, koti, glavu na kofia, na alikataa kuniuzia fulana za pamba nilizokuwa nimezichagua mwenyewe, akieleza kwamba pamba hunywa jasho la kupandia mlima na kukaa nalo, kisha jua likizama jasho hilo ndilo linalokutetemesha. Viatu haviuzi. Jozi yangu ya kwanza niliinunua kwingineko, buti nzuri zisizo na mkwaruzo, na soli ya kulia ikabanduka yote siku ya tatu nilipokuwa nikizizoeza, ikiacha vipande vinavyovunjika kama biskuti. Soli za aina hiyo, za povu la plastiki, huliwa na unyevu hata kama kiatu hakijavaliwa, na hewa yetu ya bahari haizisaidii. Sasa mimi huikunja soli na kuibonyeza kwa kidole gumba kabla ya kutaja bei.

Mombasa haina mahali pa kujaribia begi la baridi, lakini ami yangu ana chumba cha kuhifadhia samaki, na aliniruhusu nilale humo nusu saa, yeye mwenyewe akisimama mlangoni. Nililala juu ya katoni iliyotandikwa sakafuni. Kifua na miguu vilibaki na joto zuri, ila baada ya dakika kumi mgongo ulikuwa kama umelazwa juu ya saruji mbichi. Nilirudi Kongowea nikidhani nimeuziwa begi bovu. Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kiganja juu ya begi na kulikandamiza mezani: manyoya yakilaliwa hayana hewa ndani yake, na joto hutunzwa na ile hewa. Alinishauri nitafute mikeka miwili ya sponji ngumu isiyonyonya maji, niipange mmoja juu ya mwingine, na akasema wazi kwamba yeye haiuzi. Muuzaji mwingine angeniuzia begi la pili. Kwa hilo peke yake ningempa alama zote.

Kasoro zipo na ni haki zitajwe. Hakuna risiti, hakuna pa kujaribia suruali, na begi lilinuka uvundo wa ghala. Kulifua kulinichosha zaidi ya safari: nililikamua kwa kulibana bila kulisokota, nikalianika juu ya dari la nyumba siku tatu, nikiyatenganisha mabonge ya manyoya kwa vidole kila asubuhi na jioni. Asiye na nafasi hiyo anaweza kukodi begi Nanyuki, mji ulio karibu na mlima, kwa waongoza wageni, ingawa mimi hupenda kujua nilichokibeba.

Kule Shipton, usiku, hema lilifanya ukungu mweupe wa barafu kwa ndani, kwa sababu tulifunga matundu yote ya hewa na pumzi zetu zikaganda kwenye kitambaa. Nilikuwa nimeweka chupa ya maji ya moto miguuni, imefungwa kwenye soksi, na asubuhi maji yake yalikuwa bado yanamiminika, wakati ya mwenzangu yaliyobaki kwenye mkoba yalikuwa jiwe. Nililala kwa muda wa saa sita bila kuamka, na mgongo haukunisumbua.

Jumla niliyolipa pale kibandani ni shilingi 5,600. Juzi nilipita kumsalimu mama na kumweleza yote, naye ameniwekea begi jingine kwa ajili ya dada yangu, ambaye ni mfupi kuliko mimi. Ameshaliinua juani mbele yangu, na halina tundu.