Radio Okapi kwenye simu: tathmini ya msikilizaji wa Bukavu
Radio Okapi, iliyoanza kutangaza Februari 2002 kwa ushirikiano wa Umoja wa Mataifa na Fondation Hirondelle ya Uswisi, hutumia Kifaransa na lugha zetu nne za taifa hapa Kongo (DRC). Wengi wetu Bukavu, mji wa mashariki mwa nchi, tuliizoea redioni, na leo tunaifuata pia kwenye simu.

Ninachokithamini zaidi ni desturi yake ya kuhakikisha habari kabla ya kuitangaza. Katika mji ambamo ujumbe wa sauti usiojulikana mwenyewe, uliosambazwa usiku kwenye makundi ya WhatsApp, unaweza kufanya maduka ya mtaa wa Kadutu yasifunguliwe asubuhi, subira hiyo ina faida kuliko kasi. Redio hiyo pia imefiwa: waandishi wake wawili, Serge Maheshe mwaka 2007 na Didace Namujimbo mwaka 2008, waliuawa papa hapa mjini.

Tovuti yake, hata hivyo, huandikwa hasa kwa Kifaransa, na mama muuza mboga hatanunua mega za intaneti ili asome asichokielewa. Huyo namshauri abaki na redio yake ya betri na taarifa ya Kiswahili. Mwenye simu na Kifaransa aisome tovuti kabla ya kusambaza lolote.