Vitabu vya “inama”: uzuri na ubovu wa duka la kando ya njia

Wauza vitabu wa mitumba katikati ya Nairobi hutandika gunia la nailoni kwenye lami, nawe huinama kuchagua. Ndiyo maana ya jina. Kwa riwaya za zamani na vitabu vya siasa, hakuna huduma bora kwa bei hiyo. Utaratibu usiutafute: ushairi hulala juu ya kitabu cha uhasibu.

Kabla ya kulipa, fungua kitabu katikati kabisa. Gundi ikilia au kurasa zikiinuka, kirudishe; jua kali limeshaikausha. Kisha angalia namba za kurasa. Karatasi nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kinachokosekana huenda kikawa fungu zima, si ukurasa mmoja tu. Nusa pia. Kitabu chenye ukungu kitaambukiza rafu nzima, na miezi ya Aprili na Novemba mvua hupita chini ya gunia.

Nakala bandia zimejaa, hasa za vitabu vya kujiendeleza. Utazijua kwa wino uliofifia, picha ya jalada isiyo kali na pambizo zilizokatwa hadi kwenye maneno. Bei yake isikaribie ya halisi, na mwandishi hapati hata ndururu.

Punguzo hupatikana ukichukua vitatu kwa mpigo. Kimoja tu, muuzaji hatetereki. Akikwambia “hiki ni cha mwisho, mkubwa,” zunguka kona: kipo kingine.