Majitaka ya kahawa Mbozi: bwawa au tangi la Lettinga?

Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, maji yanayobaki ni machachu, yananuka, na yakiingia mtoni samaki hukosa hewa. Chama cha msingi cha wakulima kina njia mbili za kuyasafisha.

Bwawa ni rahisi: chimba, shindilia udongo mfinyanzi, uwaachie jua na bakteria. Halidai pampu wala fundi. Ila linameza shamba, na methani, gesi inayowaka ambayo bakteria huitoa, yote inapotelea hewani.

Tangi alilobuni Mholanzi Gatze Lettinga miaka ya 1970 linahitaji eneo dogo tu. Maji huingilia chini, yakapanda taratibu kupitia tabaka la punje nyeusi, ndogo kama ulezi. Kila punje ni kundi la bakteria. Gesi hunaswa juu, ikapikie au iendeshe jenereta. Tamu hiyo! Lakini mavuno ya Mbozi huangukia miezi ya baridi, Juni na Julai, na bakteria hao hustawi kwenye nyuzi 30 na ushei. Uchachu nao lazima upunguzwe kwanza kwa chokaa.

Chama kidogo chenye ardhi, kichimbe bwawa. Tangi ni la kiwanda kinacholipa bili nene ya umeme na chenye fundi wa kudumu.